Sura ya Saba: Wageni Wanaaga, Wageni Wanabisha Hodi

Mlinzi wa usiku ndiye aliyenipigia simu. "Shefu, ile kintu inalia tena." Nyuma ya sauti yake mvua ya Januari ilikuwa ikipiga mabati, na ndani ya mvua kulikuwa na mlio mwembamba wa kukatikakatika, kama wa kifaranga aliyepotezana na mama yake. Nikamuuliza imeanza kulia saa ngapi. "Tangu umeme uende." Na umeme ulikwenda saa ngapi? Akafikiri kidogo. "Mbele ya kula."

Kilichokuwa kikilia ni UPS, lile sanduku la betri linaloishikilia seva kwa dakika chache umeme unapokatika. Nilipofika ofisini, nimelowa hadi soksi, mlio ulikuwa umekoma. Mtu asiyeshughulika na kompyuta angeshukuru kwa ukimya ule. Lakini UPS iliyonyamaza gizani ni betri iliyokwisha.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kampuni ya uchukuzi, pembezoni mwa barabara itokayo Kolwezi kuelekea Likasi na Lubumbashi. Malori yake hubeba shaba kutoka migodini hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Juu ya meza kulikuwa na seva moja ya chuma, na ndani ya seva hiyo moja zilikaa seva tisa zisizoshikika kwa mkono: ya mizani ya malori, ya hifadhidata, ya mishahara, ya barua pepe, na nyinginezo. Umeme ulirudi saa tisa usiku. Seva ikajiwasha, kama tulivyoiagiza, na zile tisa zote zikaamka kwa mkupuo. Saa moja asubuhi malori kumi na moja yalikuwa yamepanga foleni getini, madereva wamekwisha kunywa chai mara mbili, na mizani haikuweza kutoa hata karatasi moja. Kila taa ya seva ilikuwa ya kijani. Hakuna diski iliyokufa, hakuna faili lililopotea. Hakuna kilichoharibika, na hakuna kilichofanya kazi.

Seva ya aina hii, iliyoundwa kwa programu na kukaa ndani ya mashine nyingine, mafundi huiita mgeni. Mashine ya chuma inayoibeba ni mwenyeji. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1960, watafiti wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mfumo wa CP-40 uliogawanya kompyuta moja ghali katika kompyuta kadhaa za kuigiza, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Kolwezi tunatumia vijukuu vya mifumo ile: VMware ESXi, Hyper-V ya Microsoft, na KVM, ambayo iliingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2007 na ndiyo inayobeba Proxmox tuliyoitumia sisi.

Nilipoanza kuwafundisha vijana kazi hii kwa Kiswahili niligundua kwamba neno "mgeni" linafanya nusu ya kazi ya mwalimu. Kila mtoto aliyelelewa huku anajua kwamba mgeni habishi hodi mwenyeji hajaamka, na kwamba mgeni haondoki bila kuaga. Akiondoka bila kuaga, kuna jambo. Tofauti ni moja: wetu hasubiri siku ya tatu apewe jembe, anapewa sekunde ya kwanza.

Kabla ya kwenda kwenye mipangilio, ni haki msomaji wa mbali ajue kwa nini mji huu, wenye shaba inayopitisha umeme wa dunia, hukaa gizani. Hapa Kolwezi ndipo unapoishia mmoja wa mistari mirefu ya umeme duniani. Unatoka mabwawa ya Inga karibu na mdomo wa mto Kongo, unasafiri takriban kilomita 1,700 juu ya misitu na savana, na ulikamilika mwaka 1982. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, kama wa betri, wa volti 500,000 juu na 500,000 chini ya sifuri. Mkondo wa namna hiyo hauwezi kuchotwa njiani bila kujenga kituo kizima cha kuugeuza, kwa hiyo vijiji vilivyo chini ya nyaya huutazama ukipita. Wengi wanaamini kwamba Mobutu, rais wa wakati ule, aliupenda mradi huu kwa sababu uliufunga mkoa wa shaba, ambao ulikwisha kujaribu kujitenga, kwenye swichi iliyoko magharibi.

Kuna jambo moja la mstari huo ambalo kila fundi wa seva angelielewa mara moja. Vigeuzi vya aina ile ya zamani, vya thairista, haviwezi kuupa uhai mtandao uliokufa. Ili vigeuze mkondo mnyoofu kuwa mkondo wa kupishana unaotumika majumbani, ni lazima vikute upande wa kupokea tayari kuna umeme, unaozungushwa na mashine za karibu. Kwa maneno mengine, Kolwezi ikizimika yote, haiwezi kuamshwa na Inga peke yake. Kwanza ziamke mashine za karibu, kama turbini za mto Lualaba wenyewe, za mabwawa ya miaka ya 1950: Nzilo yenye megawati 108 na Nseke yenye megawati 248, ndipo jitu la magharibi liweze kuingia. Mdogo aliye jirani hutangulia, mkubwa wa mbali hufuata. Aliyekosea mpangilio huo angeweza kubonyeza swichi ya Inga hadi kesho kutwa.

Basi umeme hautoshi. Migodi inaula kwa wingi, mistari imezeeka, radi za msimu wa mvua hazina huruma, na sehemu ya umeme wa ukanda huu hununuliwa Zambia, ambako mabwawa nayo hutegemea mvua. Ukame wa 2024 ulitukumbusha. Shirika la umeme la taifa, SNEL, hugawa kidogo kilichopo kwa zamu, na neno la Kifaransa la mgao huo, delestaji, limekuwa la Kiswahili chetu kiasi kwamba watoto hulitamka bila kujua lilikotoka. Kampuni za migodi zenye pesa zimejitafutia njia: Sicomines ilijenga bwawa la Busanga la megawati 240, na Kamoa-Kakula, iliyokwisha kukarabati bwawa la Mwadingusha, imeweka kwenye kiyeyushio chake UPS ya megawati 60. Yetu, chini ya meza, ilikuwa na voltiampea 3,000, na juu yake kulikuwa na kikapu cha malimau.

Turudi kwenye foleni ya malori. Kosa letu la kwanza lilikuwa la hesabu, na ni hesabu ya darasa la nne. Tulikuwa tumeiambia UPS itoe amri ya kuzima pale betri itakapobakiza dakika mbili. Proxmox, usipoigusa, humpa kila mgeni sekunde 180 za kujizima kabla ya kumkata kwa nguvu. Dakika mbili ni sekunde 120. Tulikuwa tumewapa wageni muda wa kuaga ulio mrefu kuliko uhai wa nyumba. Hifadhidata, ambayo ndiyo yenye mizigo mingi na huondoka polepole, ilikuwa bado inafunga masanduku mlangoni pale giza lilipoikuta.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi vya kazi hii. Vitabu huanza na kuwasha: nani wa kwanza, nani wa pili. Vimeandikwa na watu ambao seva zao huzimwa mara moja kwa mwaka, kwa miadi. Mahali ambapo umeme huondoka mara nne kwa wiki, kinachopangwa kwanza ni kuzima, na kuwasha hufuata nyayo zake kinyumenyume. Kuzima kuna mpaka usiojadilika, yaani betri. Kuwasha kuna asubuhi nzima.

Kwa hiyo chukua karatasi. Juu yake andika dakika ambazo betri yako inabeba leo, si zile za kwenye katoni. Yetu ilibeba dakika 18 ilipokuwa mpya. Tulipoipima, baada ya miaka miwili ya joto na delestaji, ilibeba 11. Sasa waangalie wageni. Ukimpa kila mmoja kati ya tisa namba yake pekee ya kuondoka, mfumo utamsubiri mmoja amalize ndipo umwite mwingine: tisa mara sekunde 180, katika siku mbaya kabisa, ni dakika 27. Betri ya dakika 11 haijui kusubiri dakika 27. Lakini wageni wenye namba moja huaga kwa pamoja. Wapange katika safu tatu, na siku ile ile mbaya inakuwa dakika tisa. Bado ni karibu mno na 11 kwa moyo wangu, ndiyo maana safu ya kwanza tuliipa sekunde 90 tu. Huyu wa mishahara hana la kusubiri usiku wa manane.

Safu zenyewe ni hivi. Wa kwanza kuondoka ni wale ambao hakuna anayewategemea: mizani, mishahara, barua pepe, programu zote ambazo binadamu huziona. Wa pili ni hifadhidata, ambayo sasa hakuna anayeivuta shati. Wa mwisho ni wale wadogo wasiojulikana na mtu yeyote nje ya chumba cha seva: anayetafsiri majina ya mashine kuwa anwani, anayethibitisha nywila, anayetunza saa. Ukimuuliza mkurugenzi seva yake muhimu ni ipi, atakutajia ya mishahara. Hajawahi kusikia habari za yule mtafsiri wa majina, na bila yeye hakuna seva inayoijua nyingine.

Kuaga kwenyewe kuna namna tatu, na kila mfumo huzitaja kwa maneno yake. Ya kwanza ni kumpa mgeni ishara ile ile anayoipata mtu akibonyeza kitufe cha kuzimia. Naye anafunga programu zake, anaandika vilivyobaki kwenye diski, anazima. Ya pili ni kumlaza: kumbukumbu yake yote humwagwa kwenye diski kama ilivyo, na akiamka huendelea katikati ya sentensi. Ya tatu ni kumng'oa. Hyper-V, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, huchagua kulaza. Libvirt, ile inayowasimamia wageni wa KVM kwenye seva nyingi za Linux, asili yake ni hivyo hivyo. ESXi na Proxmox zina chaguo zao.

Kulaza kunavutia. Hakuna mgeni anayebishana, hakuna anayeuliza kama unataka kuhifadhi faili. Nilipenda sana kulaza kwa mwaka mmoja. Tatizo la kwanza tena ni hesabu: wageni wetu walikuwa na gigabaiti 64 za kumbukumbu kwa jumla, na diski zetu za kuzunguka ziliandika megabaiti kama 150 kwa sekunde, nazo ni dakika saba za kuandika mfululizo, zote kwenye betri. Tatizo la pili ni la ajabu zaidi. Mgeni aliyelazwa saa mbili usiku na kuamshwa saa tisa anaamini bado ni saa mbili. Mifumo mingi ya kuthibitisha nywila, ile inayotumia Kerberos, haikubali saa zitofautiane zaidi ya dakika tano. Kwa hiyo yule mgeni anajitambulisha kwa wenzake kwa sauti yake ile ile, na wenzake wanakataa kwamba wanamjua, mpaka saa yake irekebishwe. Na mgeni mwenye hifadhidata aliyelazwa katikati ya mazungumzo anaamka akiongea na mtu aliyekwisha kuondoka. Siku hizi ninalaza tu wale wasioongea na mtu.

Ishara ya kistaarabu nayo si ya kuaminiwa hivi hivi. Wapo wageni wa Windows ambao, kama hakuna aliyeingia kwenye skrini yao, huisikia ishara na kuipuuza, kama mtoto anayejifanya amelala. Wapo wanaoitikia vizuri kisha wakakumbuka kwamba wana masasisho ya kuweka, wakaanza kuyaweka palepale, kwenye betri, wakiandika kwa upole kwamba usizime kompyuta. Dawa ya wa kwanza ni kumwekea ndani programu ndogo ya mjumbe, inayozungumza na mwenyeji moja kwa moja. Dawa ya wa pili ni kuyapangia masasisho mchana wa Jumapili, wewe ukiwepo.

Sasa kuwasha. Ukishapanga kuzima, namba ni zile zile kinyumenyume, na Proxmox hufanya hivyo yenyewe: namba ndogo huamka kwanza na kulala mwisho. Kinachobaki ni nafasi kati ya mmoja na mwingine. ESXi kwa kawaida huhesabu sekunde 120 kisha humwita anayefuata. Unaweza kuiambia iendelee mapema pale mgeni aliyetangulia anapoonyesha kwamba mfumo wake umeamka. Na hapo ndipo kosa letu la pili lilipokaa. Kuwaka si kuwa tayari. Hifadhidata yetu iliwaka dakika ya kwanza, kama wenzake wote. Lakini kwa kuwa ilikuwa imeng'olewa, ilianza kusoma upya daftari lake la miamala ili ijue ni ipi ilikamilika na ipi haikukamilika. Kwa muda huo haikupokea mtu. Programu ya mizani ikaja, ikabisha, ikabisha tena, ikakata tamaa, ikaketi. Kufikia saa moja asubuhi hifadhidata ilikuwa tayari kwa saa kadhaa, inasubiri kubishiwa hodi, na mizani ilikuwa imeketi nje ya mlango ikiamini hakuna mtu ndani. Malori kumi na moja yalisimama kwa sababu ya sekunde ambazo hakuna aliyezihesabu, na kwa sababu ya programu iliyoandikwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki.

Hakuna namba ya sekunde itakayotibu hilo kikamilifu. Ukiweka 300, siku moja zitahitajika 400. Tuliweka nafasi ndefu baada ya hifadhidata, ndiyo, lakini dawa ya kweli ilikuwa mistari sita ya maagizo ndani ya mgeni wa mizani: usianze mpaka hifadhidata iitikie, isipoitika, subiri sekunde kumi, uliza tena, na usichoke. Subira iliondolewa kwa mwenyeji ikawekwa kwa mgeni mwenyewe, na hapo ndipo mahali pake.

Mtego ulio mbaya kuliko yote sikuuona usiku ule. Niliuona miezi miwili baadaye, na ulinigharimu safari nyingine ya pikipiki kwenye matope. Betri ikapungua, UPS ikatoa amri, wageni wakaaga vizuri, mwenyeji akazima kwa adabu. Sekunde arobaini baadaye, kabla UPS haijazimika, umeme ukarudi. Sasa fikiri: seva imepangiwa ijiwashe pale umeme unaporudi. Lakini kwa upande wa seva umeme haukuondoka kamwe. UPS iliendelea kuupeleka wakati wote. Hakuna kurudi, kwa hiyo hakuna kuwaka. Asubuhi umeme upo, taa zinawaka, feni za ofisi zinazunguka, na seva imelala fofofo ikisubiri tukio ambalo halitatokea.

Dawa yake inamshangaza kila mwanafunzi: ukishaanza kuzima, maliza, hata umeme ukirudi. Programu ya Network UPS Tools, inayotumika sana na ni ya bure, inaweza kuiamuru UPS kama kitendo cha mwisho kabisa ijikatie yenyewe na kuacha soketi zikiwa tupu kwa muda, kisha irudishe. Seva ikiona soketi zimekufa na kufufuka, inaamka. Ndani ya seva yenyewe, kwenye mipangilio ya ubao mama, chagua iwake kila umeme unaporudi. Chaguo la "rudi hali uliyokuwa nayo" litakusaliti, kwa sababu hali iliyokuwa nayo ni kuzimwa kwa adabu.

Na usiiruhusu irudi haraka. Delestaji yetu haina tabia ya kuondoka mara moja na kurudi mara moja. Umeme hurudi, hukaa dakika nne, huondoka, hurudi. Betri iliyokwisha haijai kwa dakika nne. Seva ikiamka katika ile ya kwanza, itang'olewa katika ile ya pili, bila ya kuwa na sekunde za kuaga. UPS nyingi zinakubali kuambiwa zisiwashe soketi mpaka betri ijae kiasi fulani. Sisi tuliweka asilimia 50. Mkurugenzi alilalamika kwamba umeme upo na kompyuta hazipo. Nikamwonyesha foleni ya Januari kwenye simu yangu, picha niliyoipiga nikiwa na hasira.

Jumapili moja, baada ya misa, tukajaribu yote. Nilichomoa waya wa UPS ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Mlinzi alikuwa ameshika simu yake, anahesabu dakika kwa sauti, anafurahia kama refa. Pii, kimya, pii, kimya. Dakika ya tatu amri ikatoka, kwa sababu sasa hatukusubiri betri ibakize dakika mbili. Mizani ikaaga, mishahara ikaaga, barua pepe ikachelewa sekunde sabini na kitu. Hifadhidata ikafunga masanduku yake yote. Mtafsiri wa majina akatoka mwisho. Feni za seva zikashuka pumzi, kisha UPS yenyewe ikatoa mlio mmoja mrefu, ikakata.

Chumba kikawa kimya. Mlinzi akaniangalia.

"Ikinyamaza hivi, shefu, ni muzuri ao ni mubaya?"

Nikamwambia mara hii ni muzuri, anirudishie waya ukutani, na aanze kuhesabu upya.